Luseni, Itogolo na Mbuga: Majina ya Udongo wa Usukuma Katika Historia ya Sayansi ya Udongo

Neno "mbuga" lina maisha mawili. Kwa msemaji wa Kiswahili wa leo, awe wa Dar es Salaam au wa Mombasa, mbuga ni uwanda mpana wenye nyasi, na mara nyingi litajwapo neno hilo huandamana na wanyama wa porini. Katika vitabu vya sayansi ya udongo vilivyoandikwa juu ya Afrika ya Mashariki tangu miaka ya 1930, neno lilo hilo, limeandikwa vivyo hivyo bila kufasiriwa, lina maana iliyo nyembamba zaidi: ni udongo mweusi mzito wa bondeni, upasukao nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba mvua inyeshapo. Maana hii ya pili ndiyo aijuayo mkulima wa Kwimba au wa Misungwi. Wanasayansi waliichukua kwa watu wa nchi, wakaipeleka mbali. Kiswahili Sanifu, kilichokuwa karibu nayo kuliko lugha zote za maandishi, hakikuishughulikia.

Mbuga si neno la pekee. Ni kiungo kimoja cha mnyororo wa majina ambao Wasukuma wameutumia kuisoma nchi yao tangu jabali mpaka bondeni. Insha hii yafuatilia historia ya mnyororo huo: namna ulivyopangwa, namna wataalamu walivyoupokea, na yale yaliyotokea pale watawala walipotoa amri juu ya ardhi pasipo kuujali.

Mtu atokaye mjini Mwanza kuelekea kusini kwa njia ya Usagara na Misungwi hupita katika nchi ya mawe. Vilima vya graniti vyasimama huku na huku, majabali yamepandana juu ya majabali, na baadhi yake yamekaa kana kwamba yangeweza kuviringika leo au kesho. Graniti hiyo ni miongoni mwa miamba ya kale sana ya Afrika. Umri wake ni kiasi cha miaka milioni 2,500 au zaidi. Chini ya kila kilima nchi huteremka polepole, kwa mwinamo ambao mgeni huenda asiutambue, mpaka kwenye bonde pana lililo tambarare. Kutoka jabali hata bondeni huenda pasiwe na zaidi ya kilomita moja au mbili. Lakini katika umbali huo mdogo mkulima huhesabu udongo wa namna nne au tano, na kila namna ina jina lake, kazi yake na wakati wake wa kulimwa.

Karibu na mawe ni luseni, udongo mwepesi wa kichanga, wenye rangi ya kijivu au hudhurungi hafifu, ulimikao kwa jembe la mkono hata kabla mvua hazijakolea. Palipo na mchanga mtupu zaidi watu husema isanga. Mahali pengine, ambapo maji hupita vizuri na mwamba wa chini ni wa namna nyingine, hukutwa ikungu, au kikungu, ulio mwekundu na wenye rutuba zaidi ya luseni. Mtu akizidi kuteremka hufika kwenye itogolo. Huu juu ni mchanga wa kijivu, lakini kiasi cha jembe moja au mawili chini yake pana tabaka gumu lisilopitisha maji. Basi wakati wa masika hugeuka tope, na wakati wa kiangazi huwa kama sakafu. Tabaka hilo linapokuwa karibu sana na uso wa nchi, na chumvi za magadi zikizidi, jina hubadilika likawa ibambasi, na hapo mkulima hana analolitarajia ila malisho hafifu. Chini kabisa ni mbuga. Pembezoni mwa mbuga, palipokusanyika chokaa, pana udongo uitwao ibushi, nao hupendwa sana.

Sababu za mpangilio huu zajulikana. Mwanza hupata kwa wastani kiasi cha milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na mvua hizo huja kwa vipindi viwili, mwisho wa mwaka na baina ya Machi na Mei, na katikati yake hupungua. Maji yanapoipiga graniti kwa muda wa maelfu ya miaka, baadhi ya madini yake huoza yakawa chembe laini sana, na mengine, yaliyo magumu, hubaki kuwa mchanga. Mchanga, kwa kuwa ni mzito kubebwa, hukaa juu karibu na kilima. Chembe laini huchukuliwa na maji, yapitayo juu ya nchi na yapitayo chini yake, zikatuama katika sehemu za chini. Chumvi zilizoyeyuka nazo hushuka. Sodiamu huiharibu sura ya udongo wa mteremko wa chini ukashikamana na kuwa mgumu. Kalisiamu na magnesiamu hufika bondeni, ambako hutengeneza ule udongo mweusi uvimbao. Kwa hiyo kila udongo katika mteremko ni mdaiwa wa ule ulio juu yake. Luseni ni maskini kwa sababu mbuga ni tajiri.

Mchwa hufanya kinyume. Huchimba chini, wakapandisha chembe laini, wakajenga vichuguu. Na katikati ya shamba la mchanga kichuguu kilichobomoka huwa kiraka cha udongo ulionona, mara nyingine chenye vibonge vya chokaa ambavyo havionekani penginepo katika shamba lile. Kazi hii ya mdudu imewashughulisha wataalamu wa udongo wa Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi, na yastahili insha yake yenyewe.

Majina yenyewe yakitazamwa na mwanaisimu yana mambo ya kuvutia. Isanga ni ndugu wa mchanga wa Kiswahili: mzizi ni mmoja, na tofauti ya s na ch baina ya lugha hizi mbili ni ya kawaida. Mzizi wa luseni hauonekani katika Kiswahili, lakini waonekana ng'ambo ya ziwa, kwani Waganda huuita mchanga omusenyu na Wanyarwanda umusenyi. Basi Kisukuma kilikuwa na mizizi miwili ya kale ya Kibantu kwa kitu kimoja, mchanga, na badala ya kuutupa mmoja kikaigawia kazi tofauti. Luseni si jina la mchanga mtu auchotao kwa mkono; ni jina la mahali, la udongo wa kichanga ulioko pale ulipo katika mteremko. Itogolo vilevile haifasiriki kwa kutaja rangi tu au ugumu tu. Hata tahajia ina hadithi yake. Wazungu waliandika itogoro na itogolo, lusenyi na luseni, kwa kadiri masikio yao yalivyosikia, na hasa kwa kuwa Kisukuma hakitenganishi l na r kama Kiswahili kifanyavyo.

Matumizi yalifuata majina. Kaya zilijengwa juu, kwenye luseni, karibu na mawe, ambako nyumba haizami katika tope na jembe haliwi zito. Huko kulilimwa uwele, karanga, njugu mawe, viazi vitamu na mihogo, na baadaye pamba. Itogolo ilikuwa malisho. Mbuga nayo ilikuwa malisho ya kiangazi, kwa kuwa majani yake hukawia kukauka. Kuilima kwa jembe la mkono kulikuwa kazi ya kuvunja mgongo, mpaka plau za kukokotwa na ng'ombe zilipoenea katikati ya karne ya ishirini. Mtu mwenye busara hakutaka shamba moja kubwa. Alitafuta vipande katika sehemu mbalimbali za mteremko, kwa sababu mwaka wa mvua nyingi udongo wa chini hujaa maji na mahindi hugeuka manjano, na mwaka wa mvua haba maji machache yateremkayo hukusanyika huko huko chini. Aliyekuwa na juu na chini hakukosa vyote.

Sasa yafaa kumtazama Geoffrey Milne. Yeye alikuwa mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, katika milima ya Usambara, kituo ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902 na Waingereza wakakirithi. Alipewa kazi iliyoonekana kuwa haiwezekani, nayo ni kutengeneza ramani ya udongo wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, kwa watumishi wachache na fedha chache. Shida yake ilikuwa hii. Wachoraji wa ramani za Ulaya na Urusi walizoea kuupaka udongo wa namna moja rangi moja juu ya eneo kubwa. Katika Afrika ya Mashariki udongo hubadilika kila mtu atembeapo mita mia kadhaa, na ramani ya nchi nzima haiwezi kuonyesha mabadiliko hayo. Milne aliona kwamba mabadiliko yenyewe hurudia kwa utaratibu ule ule, kilima baada ya kilima. Basi alipendekeza kwamba kipimo cha ramani kiwe mfululizo mzima, tangu juu hata chini, nao akaupa jina la Kilatini, katena, maana yake mnyororo. Alilichapisha wazo hilo mwaka 1935, akalieleza pia katika mkutano wa tatu wa kimataifa wa sayansi ya udongo uliofanyika Oxford mwaka huo huo. Ramani yake ikatoka mwaka 1936.

Wako wapendao kusema kwamba Milne aliwanyang'anya Wasukuma wazo lao. Tarehe hazikubali. Safari yake kubwa ya kuchunguza udongo wa Tanganyika ilianza Desemba 1935 na kwisha Februari 1936, wakati katena ilikwisha chapishwa; na mfano wake wa kwanza aliutoa katika vilima vya Buganda, ambako alisaidiwa na kazi ya W. S. Martin wa idara ya kilimo ya Uganda. Lililo kweli ni dogo kuliko dai hilo, lakini lina uzito wake. Mkemia wa Amani na mzee wa Kwimba, kila mmoja kwa njia yake, walifika mahali pamoja, kwa kuwa nchi yenyewe imejengwa kwa mnyororo na haiwezi kusomwa kwa namna nyingine. Tofauti ni kwamba mzee alikuwa na jina kwa kila kiungo, naye Milne alikuwa na jina la mnyororo mzima. Milne alipoandika habari za nchi ya ziwa na ya katikati alitumia majina ya wenyeji bila ya kuona haya, kwa kuwa hakuwa na mengine yaliyokuwa sahihi zaidi. Alikufa mwaka 1942, na taarifa ya safari ile ikachapishwa mwaka 1947 katika jarida la ikolojia la Uingereza. N. V. Rounce naye, afisa wa kilimo aliyeandika mwaka 1949 juu ya kilimo cha nyika za majimbo ya Ziwa, Magharibi na Kati, aliandika kwa msamiati huo huo.

Majina ya wakulima kuingia katika sayansi halikuwa jambo geni. Vasily Dokuchaev, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa sayansi hii, alichapisha mwaka 1883 kitabu chake juu ya chernozemi, na neno hilo ni la wakulima wa Kirusi, maana yake ardhi nyeusi. Podzoli ni neno lao pia. Renzina lilitoka kwa wakulima wa Poland. Mnamo 1960 wataalamu wa Marekani walitoa mpango mpya wa kuupanga udongo wa dunia, wakaunda majina kwa mizizi ya Kilatini na Kigiriki ili, kwa maneno yao, kuondoa utata. Hapo udongo mweusi uvimbao ukaitwa vertisoli, kutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kugeuza, kwa sababu udongo huo hujigeuza wenyewe nyufa zinapopokea udongo wa juu. Jina hilo likachukuliwa katika ufunguo wa ramani ya udongo ya dunia ya FAO na UNESCO, mwaka 1974. Chernozemi na podzoli zilibaki katika ramani hiyo. Mbuga haikuingia, ilibaki kuwa neno la kieneo, pamoja na dambo la Malawi na Zambia. Haiwezi kusemwa kwamba mbuga ilishindwa kwa kukosa usahihi. Chernozemi ilikuwa na chuo, jarida na lugha ya taifa nyuma yake kwa muda wa miaka tisini.

Lakini kabla ya hapo udongo wa Usukuma ulikuwa umekwisha kuingia katika siasa. Kituo cha Ukiriguru, kilichoanzishwa katika miaka ya 1930 kusini ya mji wa Mwanza, kilifanya kazi ya kusifika katika pamba. Aina za pamba zilizotoka huko zilibeba herufi UK, na mbegu zake zilienea nchi yote ya ziwa. Kituo hicho kingali kipo, sasa chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Mbali na mbegu, wataalamu wa Ukiriguru walichunguza mambo mawili ya udongo. La kwanza ni samadi. Majaribio ya J. E. Peat na K. J. Brown, yaliyochapishwa mwaka 1962, yalionyesha kwamba katika udongo wa kichanga samadi huzidisha mavuno ya pamba, na nguvu yake huendelea kuonekana miaka kadhaa baada ya kutiwa. La pili ni matuta. Wasukuma walikuwa wakilima kwa matuta tangu zamani. Jambo jipya lilikuwa kuyafunga, yaani kuweka vizuizi vya udongo katika mifereji baina ya tuta na tuta, ili mvua ikae pale iliponyesha na isikimbilie bondeni na udongo wa juu. A. N. Prentice alieleza njia hiyo katika makala ya mwaka 1946.

Katika luseni, mwaka wa mvua chache, matuta yaliyofungwa yalileta faida iliyo wazi. Mwaka wa mvua nyingi yalituamisha maji na kudhuru mimea. Katika itogolo, ambako maji hayana pa kwendea chini, hasara ilikuwa karibu zaidi. Mkulima ajuaye majina ya mteremko hakuhitaji majaribio kulibashiri hilo, na kwa haki ni lazima kusema kwamba wataalamu wa Ukiriguru walilijua pia.

Walioamuru walikuwa wengine. Mwaka 1947 serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ambao makao yake yalikuwa Malya, huko Kwimba. Fedha nyingi zilitumika kwa malambo, kwa kufyeka mapori yenye mbung'o na kuwahamishia watu Geita, na mambo haya watu waliyapokea. Lakini pamoja nayo zilikuja sheria za kuhifadhi udongo, zilizotolewa kwa jina la watemi na kusimamiwa na wanangwa: kulima kwa matuta yaliyofungwa, kutia samadi, kuacha kulima kando ya makorongo, kupunguza ng'ombe. Asiyetii alitozwa faini. Hofu iliyozaa sheria hizo haikuwa ya bure, kwa sababu mmomonyoko ulikuwa ukionekana kwa macho, na ng'ombe walikuwa wamezidi malisho. Kasoro yake ni kwamba zilimtazama mlipa kodi na ekari zake, na sheria ya namna hiyo haiwezi kuuliza shamba hili liko wapi katika mteremko. Tuta lililofungwa, ambalo katika luseni lingekuwa shauri jema, likawa kosa la jinai pale lilipokosekana.

Matokeo yake yameandikwa na wanahistoria wa siasa. Vyama vya ushirika wa pamba, vilivyokusanyika mwaka 1955 katika muungano wa Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani, vilikuwa shule ya watu kujitetea. TANU ilinyimwa kuandikishwa Usukumani tangu 1954 mpaka 1958, na hilo halikuzuia chochote. Mwaka 1958 palitokea machafuko ya Geita, ambayo sababu yake iliyo karibu ilikuwa mabaraza ya mchanganyiko wa mataifa, lakini ambayo yalibeba malalamiko yote ya miaka kumi iliyotangulia. Sheria za kulazimisha zikaachwa. Matuta yaliyofungwa yakaachwa pamoja nazo, hata pale yalipokuwa na faida, kwa sababu yalikuwa yamekwisha kunuka faini. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya jambo lile. Njia njema ya kuhifadhi udongo ilichafuliwa kwa muda wa kizazi kizima.

Hapa ndipo habari ya Kiswahili inapoingia. Kamati ya lugha ya Afrika ya Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, na msingi wa usanifu ulikuwa Kiunguja. Huko Unguja na Pemba wakulima walikuwa na majina yao, yaliyofaa nchi ya matumbawe na ya mabonde ya mpunga: kinongo, ambao ni udongo mwekundu wa juu ya chokaa, kichanga, kinamo, ulio mzito wa mabondeni, maweni, uwanda. Mwaka 1955 Calton, Tidbury na Walker walichapisha uchunguzi wao wa udongo wa Unguja na Pemba, wakayafanya majina hayo kuwa vichwa vya uainishaji wao, kama Milne na Rounce walivyofanya bara. Kwa hiyo katika muda wa miaka ishirini sayansi ya udongo ilikuwa imekusanya misamiati miwili kamili ya Kibantu, mmoja wa pwani na mmoja wa ziwa, yote miwili imepimwa kwa kemia na kuonekana kuwa sahihi.

Vitabu vya shule havikutumia hata mmoja. Mwanafunzi wa Tanzania hufundishwa kwamba udongo ni wa aina tatu, kichanga, mfinyanzi na tifutifu. Mgawanyo huu ni wa Kiingereza, nao hutazama ukubwa wa chembe tu. Haukosei; mtu akitaka kujua kama udongo utashika maji atauhitaji. Lakini humfundisha mtoto kuushika udongo mkononi, wala haumfundishi kutazama alikosimama. Kwa mgawanyo huu luseni na sehemu ya juu ya itogolo zote ni kichanga, na tofauti iliyo kubwa kuliko zote kwa mkulima, lile tabaka gumu la chini, haina jina. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliikabili taabu ya namna hii alipoihamishia mwenyewe katika Kiswahili riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka, aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na iliyochapishwa mwaka 1980. Mambo ya shamba na ya nyumbani, yenye majina mengi katika Kikerewe, hayana budi kuelezwa kwa maneno mengi katika Kiswahili.

Je, yawezekana kusema kwamba ukosefu wa maneno ulileta madhara katika nchi? Kusema hivyo moja kwa moja ni kuzidisha. Hata hivyo historia ya miaka ya 1970 yatoa ushahidi wa kufikiriwa. Katika Operesheni Vijiji, iliyofika mikoa ya Mwanza na Shinyanga mwaka 1974, kaya zilizokuwa zimetawanyika katika miteremko zilikusanywa, mara nyingi kando ya barabara. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji, na mengi katika hayo yalipatikana. Lakini barabara haifuati udongo. Familia iliyokuwa na luseni, itogolo na kipande cha mbuga ilijikuta ina ekari zake mahali pamoja, mbali na zizi la zamani lenye samadi. Katika lugha ya mpango huo ardhi ilikuwa ekari, na ekari moja ilikuwa sawa na nyingine. Ni makosa yale yale ya Malya, yaliyofanywa safari hii na watu waliokuwa wamepigana nayo, na katika lugha ambayo haikuwa na neno la kuwaonya.

Mkulima, kwa upande wake, hakusahau. Tangu miaka ya 1970 mpunga umeenea Usukumani kwa kasi ambayo hapana mpango uliouagiza. Wakulima walijenga kingo za udongo katika itogolo na ukingoni mwa mbuga, wakagawanya malisho ya zamani kuwa majaruba. Tabaka gumu lililokuwa balaa ya mahindi likawa msaada wa mpunga, kwa kuwa huyazuia maji ya mvua yasizame. Wachunguzi wa Ukiriguru, wakishirikiana na Waholanzi katika miaka ya 1990, waliieleza hali hii kwa kirefu, na katika maandishi yao itogolo, ibushi na luseni yamerudi kuwa majina ya kazi. Udongo ambao maafisa wa mwaka 1950 waliuona kuwa wa ng'ombe tu sasa hulisha miji.

Kisiwa cha Ukara, kaskazini ya Ukerewe, chapaswa kutajwa japo kwa ufupi, kwa kuwa ni mfano wa watu waliokatazwa na maji kuhama. Kisiwa ni cha graniti ile ile, udongo wake ni wa kichanga na maskini. Na katika miaka ya 1960 kilikuwa na kiasi cha watu 200 kwa kila kilomita ya mraba. Wakara walifunga ng'ombe ndani ya nyumba, katika shimo, wakawaletea majani, wakachukua samadi mpaka shambani kwa vichwa. Walipanda katikati ya uwele mmea wa jamii ya marejea, kisha wakaufukia ili uoze na kuutia udongo nguvu. Walijenga kuta za mawe katika miteremko. Kando ya ziwa walichimba mabwawa madogo ya kuoteshea majani ya ng'ombe. Hakuna aliyewatoza faini ili wayafanye hayo. Wataalamu wa kikoloni waliwastaajabia tangu miaka ya 1930, wakatamani Wasukuma wa bara wawaige, bila ya kuzingatia kwamba mtu wa Kwimba wakati huo alikuwa na Geita ya kuhamia, na Mkara alikuwa na ziwa.

Mnyororo wa mteremko hauishii mbugani. Maji ya mbuga huingia katika mito, Simiyu na mingineyo, na mito huingia ziwani kwa njia ya ghuba ya Speke. Udongo uliopotea luseni na fosforasi iliyoshikamana nao hulisha mimea midogo ya majini. Wachunguzi waliochimba matope ya sakafu ya Ziwa Viktoria, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002, walikuta kwamba ongezeko la mimea hiyo lilianza katika miaka ya 1930, sambamba na kuongezeka kwa watu na kilimo katika nchi zilizozunguka ziwa. Ni miaka ile ile ambayo Milne alipita huko na kipimio chake, na pamba ilipokuwa ikipanda kutoka luseni kuelekea kila mahali. Katika tabaka hizo za matope muna sehemu ya historia ya Usukuma ambayo haikuandikwa na mtemi wala na afisa. Kisukuma kina majina ya udongo mpaka ukingo wa maji. Uliovuka ukingo huo na kutua chini ya ziwa bado haujapewa jina, katika Kisukuma wala katika Kiswahili.